Hapana ya Mwanahamisi

Harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kompyuta kuukuu siipendi mpaka leo. Fundi akiwasha mashine ya zamani karibu nami, harufu ile kavu hunirudisha kwenye chumba cha nyuma cha sekondari yetu, Tanga, nikiwa kidato cha pili. Hunirudishia na jambo ambalo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu.

Tulikuwa na kompyuta nne, na moja kati ya hizo iliwaka ikipenda. Mwalimu Zubeda, aliyetufundisha kompyuta na baiolojia, alinipenda kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kuandika programu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mwanahamisi. Yeye akikaa Makorora, mimi Mabawa, na kwenye klabu ya kompyuta tuligawana kiti kimoja na mihogo ya kukaanga tuliyoiingiza kwa siri, pilipili ikitutoa machozi huku tukijifanya tunasoma.

Muhula wa pili Mwalimu akapanga kutupeleka baharini kujifunza viumbe wa majini. Wanaojua kuogelea wangepanda boti hadi kwenye fungu la mchanga, wasiojua wangebaki ufukweni kuokota makome na majani ya bahari.

"Rehema, niandikie programu ya kuwaandikisha," akaniambia. "Kila mtu ajibu mwenyewe kama anajua kuogelea. Mwishoni itoe orodha mbili."

Hapa naomba mnivumilie. Kompyuta huweka vitu kwa aina: namba ni aina yake, maandishi aina yake, na ipo aina nyingine yenye mambo mawili tu, kweli na si kweli. Jibu la mwanafunzi liliingia kama maandishi, nami nilitaka ligeuke kuwa kweli au si kweli. Nikaligeuza kwa neno moja nililoliona kitabuni, bila kusoma maelezo yaliyofuata. Nikajaribu. Nilipoandika "ndiyo", ikanipa kweli. Nilipoliacha jibu tupu, ikanipa si kweli. Nilifurahi hadi nikacheza peke yangu mle chumbani. "Hapana" sikuijaribu.

Siku ya kujiandikisha nilikaa ubavuni mwa Mwanahamisi. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, hapana, kisha akacheka. "Shoga, watu wa bara wanadhani sisi tumezaliwa na mapezi. Wakinijua mimi nitawaaibisha!" Bibi yake alimkataza bahari tangu akiwa mdogo. Maji aliyoyazoea yalikuwa ya ndoo.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika ufukweni, Raskazone. Mwalimu akasoma majina ya wanaopanda boti, na la Mwanahamisi likawemo. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sijui kuogelea."

"Mbona hapa umeandikwa unajua? Nani alikujazia?"

"Nilijaza mwenyewe, Mwalimu, lakini niliandika..."

"Basi panda. Kule kwenye fungu maji ni ya magoti, uoga wa nini?"

Mwanahamisi akanitazama. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Dakika chache nyuma Mwalimu alikuwa amenishika bega mbele ya mwalimu mkuu na kusema, "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Nikainamia ndala zangu. Nikajiambia, si maji ya magoti tu?

Boti ikatufikisha kwenye fungu, na kweli yalikuwa ya magoti, isipokuwa ukingoni, pale mchanga unapokatika ghafla. Mwanahamisi alirudi nyuma ampishe mwenzetu mmoja, mguu ukakosa pa kukanyaga. Hakupiga kelele. Nilichokiona mimi ni ushungi wake mweupe ukielea, na chini yake hapana mtu. Mwenye boti akajirusha, akamtoa kwa mkono mmoja kama anayevuta nyavu. Akalazwa kwenye mbao za boti akitapika maji, meno yakigongana juani.

Mwalimu Zubeda aliogopa sana, na hofu yake ikatoka kama hasira. "Kwa nini uliandika uongo? Ungenifia mikononi!"

Jumatatu mama yake Mwanahamisi aliitwa shuleni. Nikiwa nje ya dirisha la ofisi nilimsikia akisema, "Tusamehe, Mwalimu. Mtoto katuaibisha." Asubuhi ileile, mbele ya mstari wa shule nzima, tuliambiwa kwamba njia ya mwongo ni fupi, na Mwanahamisi akaondolewa kwenye klabu.

Mchana nikaingia chumba cha kompyuta peke yangu. Nikaandika "hapana". Kweli. Nikaandika "samaki". Kweli. Nikaandika jina langu. Kweli. Mashine haikusoma maana ya neno, ilitazama tu kama pana herufi. Wasiojua wenzake walibaki salama ufukweni kwa sababu tu waliliruka swali. Nikairekebisha programu kwa mstari mmoja, ikubali "ndiyo" peke yake, nikafuta ile ya zamani, nikatoka. Hata Mwalimu sikumwambia.

Mimi na Mwanahamisi hatukugombana. Nilianza tu kupita njia nyingine nikienda nyumbani.

Mwaka jana tulikutana harusini, Usagara, watu wazima wenye watoto. Nikamvuta pembeni nikamweleza yote, nikingoja anitukane. Akazungusha bangili yake.

"Kwa hiyo niliandika sawa?"

"Uliandika sawa."

"Mimi nilidhani nilikosea, Rehema. Nikajiambia labda vidole vyangu viliandika kitu kingine. Mpaka leo nikijaza fomu, hata ya hospitali, naisoma mara tatu na bado siuamini mkono wangu."

Nikiwa mtoto nilidhani kosa langu lilikuwa zile sekunde chache za maji, na kwa kuwa Mungu alimnusuru, nami nilikuwa nimenusurika. Sikujua. Mwanahamisi alisema hapana mara mbili, kwa kidole na kwa mdomo, na mtu pekee aliyezipata zote mbili alikuwa mimi. Yale maji aliyatapika siku ileile. Shaka niliyomwachia aliibeba hadi utu uzima, akidhani ni yake.