Fulana za Usawa

Wiki mbili kabla ya kupiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake, Wakili alikuwa ameshalichapa neno "usawa" mara elfu nne na ushee, na hakuna hata mara moja aliyolipwa sawa na mwanamume aliyekuwa akilichapa kabla yake.

Hakuwa wakili wa mahakamani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, kibarua katika karakana ya kuchapa fulana, na jina hilo alibandikwa na bosi siku ya kwanza kazini, alipouliza kwa nini saa ya chakula inakatwa kwenye malipo. "Haya, tumeletewa wakili," bosi alisema, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuuliza jina lake halisi.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la nyaya na balbu. Katikati palikuwa na meza ya kuchapia. Juu ya meza, kamba sita zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na hapo fulana mbichi zilitundikwa kwa ngazi na dada mmoja mkimya ambaye wote walimwita Dada wa Kamba. Pembeni, nyuma ya pazia la plastiki, alisimama Mama Pasi, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu kama mbao, akipiga pasi kila fulana ili rangi ishike na isitoke ikifuliwa. Kwenye meza ndipo alipokuwa Fundi, mtu wa kuburuza rangi juu ya fremu ya wavu kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Fundi alilipwa kwa fulana. Wanawake watatu walilipwa kwa siku. Siku nzima ya mwanamke, toka asubuhi hadi jua kuzama, ilikuwa sawa na fulana arobaini za Fundi, na Fundi katika siku ya kawaida alimaliza mia mbili bila kutoka jasho.

Kisha Fundi akaanguka na pikipiki, mkono wa kulia ukatiwa plasta, na bosi akamkabidhi Wakili ule ubao. Msichana alijifunza kazi kwa asubuhi moja. Kufikia siku ya tatu alikuwa anamzidi Fundi kwa fulana thelathini. Malipo yake hayakusogea.

"Hii ya kwako ni ya muda," bosi alimweleza. "Na kuburuza ule ubao, kusema kweli, ni kazi ya mgongo wa kiume."

Wakili alimwuliza kama huo mgongo wa kiume ndio uliokuwa umelala nyumbani na plasta. Bosi akacheka, akampiga begani kama vile wamekubaliana jambo, akaenda zake.

Laiti ingekuwa ni oda ya fulana za mbio au za kwaya, pengine angevumilia. Lakini ulikuwa msimu wa kampeni, na bosi, ambaye hakuridhika na kuchapa tu, alikuwa pia akiwatungia wagombea maneno na kuwatoza kitu alichokiita ada ya ubunifu. Alimuuzia mama mgombea wa chama cha kijani "Usawa Sasa." Wiki hiyohiyo alimuuzia mpinzani wake wa chama cha bluu "Sasa ni Usawa." Wote wawili walitoka wakiwa wamefurahi sana, kila mmoja akiamini kwamba wazo lilikuwa lake. Kwa hiyo asubuhi Wakili alichapa usawa wa kijani, mchana akaosha fremu, na alasiri akachapa usawa wa bluu. Alizoea kujiambia kwamba yeye ndiye mpiga kura pekee katika jimbo zima aliyewahi kuzipitia sera za vyama vyote viwili neno kwa neno, na kwamba kazi hiyo haikuhitaji zaidi ya dakika moja.

Nyumbani hakuwa na wa kucheka naye. Baba yake, mlinzi mstaafu wa ghala, aliuchukulia uchaguzi kama siku ya kupokea mshahara. Alikuwa ameitia kadi ya kura ya binti yake kwenye nailoni ngumu kwa gharama zake, na kila jioni alimwuliza kama ameiweka mahali pakavu. Mzee alikuwa amepiga kura katika kila uchaguzi tangu ujana wake, bila kukosa hata mmoja. Wakili alipokagua kabati, aliona kwamba katika miaka arobaini siasa ilikuwa imempa baba yake fulana tisa na kofia mbili, moja ikiwa imetoboka.

"Wewe dharau tu," baba alimwambia. "Kura ni sauti yako."

"Baba, hiyo sauti nimeitumia kazini mwezi mzima. Kila nikiitoa naambiwa nina mdomo."

Kilichomsumbua hakikuwa siasa, kilikuwa ada. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kinapokea wanafunzi wa masomo ya jioni ya kufunga umeme majumbani, na dirisha la kujiandikisha lingefungwa siku tatu baada ya uchaguzi. Kwa malipo ya siku, angefika hapo akiwa na nusu ya ada. Kwa malipo ya Fundi, angefika akiwa nayo yote, na nauli juu. Aliipiga hesabu hiyo mara nyingi mno, akitumaini kwamba pengine safari moja hesabu ingejikosea na kumpa jibu jingine.

Ndipo mama mgombea wa kijani alipokuja mwenyewe kukagua fulana zake. Aliingia na wapambe wawili na mafuta mazuri yaliyoishinda harufu ya rangi, akamkuta Wakili ameinama juu ya meza, akakunja uso wa huruma. Akasema kwamba moyo wake unafurahi kumwona binti akifanya kazi za wanaume. Wakili akaona mlango umefunguka. Kwa adabu zote, akimwita mheshimiwa na mama katika sentensi moja, alimweleza kwamba kazi ni ya kiume ila malipo ni ya kike, akataja na tofauti yenyewe.

Mama mgombea alimsikiliza hadi mwisho. Akamshika mkono wenye rangi. "Mwanangu, ndiyo maana tunagombea," akasema.

Halafu akamgeukia bosi, akateremsha bei ya fulana. Alikuwa fundi wa kupatana, katika hilo lazima apewe haki yake. Alianza kwa kulalamikia kitambaa, akaja kwenye kola, akamalizia kwa kusema kwamba yule wa bluu ana mchapaji mwingine wa bei nafuu, jambo ambalo kila mtu mle ndani alijua ni uongo kwa sababu fulana za bluu zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake, zimepinduliwa nje ndani kwa heshima yake. Alipoondoka, bosi alimwonyesha Wakili karatasi ya bei mpya. "Umeona? Hiyo nyongeza yako ndiyo kaondoka nayo huyo mama yako wa usawa."

 Wakili aliutazama wavu.

Rangi waliyokuwa wakitumia ilikuwa ya maji, na rangi ya maji haina subira. Ukiiacha kwenye wavu bila kuiburuza, dakika kumi zinatosha. Inaganda kwenye vitundu, inaziba, na fremu inakuwa ya kutupa. Kutengeneza fremu mpya ni nusu siku, na siku hiyo, Jumatano, fulana mia nane za mkutano wa mwisho, mia moja na hamsini zikiwa bado hazijachapwa, zilitakiwa saa kumi jioni. Kila kibarua wa karakana ile aliijua sheria hiyo. Ukiwa na rangi kwenye wavu, hujikuni hata pua. Wakili alimwaga rangi, akaburuza fulana moja, ya pili, ya tatu. Kisha akaulaza ubao kando ya meza, akafuta mikono, akaketi juu ya ndoo.

Bosi alidhani anaumwa.

"Siumwi. Nataka kulipwa kwa fulana, kama Fundi. Tangu siku niliyoshika ubao."

Bosi alianza na hasira, akapita kwenye undugu, akafika kwenye machozi ya biashara. Wakili alikaa. Bosi akautazama ubao, lakini hakuwa ameushika kwa miaka kumi na wote walijua fulana zake zingetoka kama zilizopigiwa chafya. Dakika ya saba akainama, akamnong'oneza. Sawa, atamlipa kwa fulana, na kuanzia siku ile ya kwanza. Lakini yeye peke yake. Wale wawili wasijue.

Na Wakili, ambaye kwa mwezi mzima aliwacheka wagombea kwa namna wanavyosahau watu wakishapata kiti, alisema sawa kabla bosi hajamaliza kusema. Aliona ada. Aliona na nauli juu yake. Akasimama, akashika ubao, na fremu ikapona.

Pazia la plastiki halizuii mnong'ono. Fulana ya mia nane ilipopita chini ya pasi, Mama Pasi aliikunja vizuri, akaiweka juu ya rundo na kusema, bila kuinua macho, "Hongera, mheshimiwa."

Wakili alijieleza. Alisema kwamba ameanza yeye tu, kwamba mmoja akishaingia atawavuta wenzake, kwamba mambo ni hatua kwa hatua. Alijisikia akisema, na kila neno aliliona kama limeshachapwa kwenye kitambaa cha rangi fulani. Dada wa Kamba, ambaye maneno yake kwa wiki yalihesabika, alimwuliza kama na yeye atagawa kofia.

Ijumaa, malipo yalipotoka, alizitoa fedha za ziada na kutaka kuzigawa mafungu matatu juu ya meza ya pasi. Mama Pasi alizisukuma zirudi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye shuka. "Weka pesa zako, mwanangu. Sikuomba chako. Nadai changu, na changu hakiko mkononi mwako."

Usiku ule Wakili hakumdharau mgombea yeyote. Hakuwa na nafasi. Dharau yote ilikuwa na kazi karibu zaidi.

Jumapili alipanga foleni na baba yake tangu alfajiri. Mzee alikuwa amevaa viatu vya kazini vilivyopigwa rangi vikang'aa, na alimsalimia kila askari. Ndani ya kile kibanda cha kura cha karatasi ngumu, Wakili alizitazama sura mbili alizokuwa akizichapa chini ya neno usawa hadi akazijua kwa vinyweleo, kisha akaweka alama kwa mgombea wa tatu, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa ameagiza hata fulana moja. Hakumwamini. Ila alikuwa mtu pekee kwenye karatasi ile ambaye hakuwahi kupita chini ya mkono wake. Baba alipomwuliza amejisikiaje, alisema ni kama kusaini daftari la msiba: unaandika, unapisha mwingine.

Mchana bosi aliwaita kazini. Wagombea wote wawili walikuwa wameshalipia fulana za kuwashukuru wananchi kwa ushindi, moja ya kijani na moja ya bluu, na kila mmoja alitaka zake ziwe tayari kabla ya kura kuhesabiwa. Bosi alikuwa na furaha ya mtu ambaye hawezi kushindwa uchaguzi.

Wakili alimwaga rangi ya kijani kwenye wavu. Akaburuza fulana moja. Kisha akaulaza ubao, akaenda kwenye pazia la plastiki, akalivuta lote hadi mwisho wa reli.

"Mama, njoo usimame hapa. Na wewe dada, shuka kwenye ngazi."

Bosi alishusha pumzi ndefu, akaangalia saa. Alimwuliza anataka nini tena, si ameshapewa.

"Mimi nimeshapewa," Wakili alisema. "Waulize hawa."

Akarudi nyuma, akaketi kwenye ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ubao. Mama Pasi alisimama mbele ya meza, pasi bado mkononi, akamtazama bosi, akautazama wavu, wala hakuonyesha haraka yoyote. Aliuliza kwanza habari za mke wa bosi, akauliza na za watoto. Halafu akataja kiwango chake kwa kila fulana anayoipiga pasi, na cha Dada wa Kamba kwa kila anayoitundika, na kilikuwa kikubwa kuliko chochote ambacho Wakili angethubutu kukiwaza.

Bosi aliangalia saa tena. Kando ya fremu, rangi ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao wake.

"Sote watatu," Mama Pasi akaongeza, "na tangu Jumatatu iliyopita."