Nafasi Alizoacha Alban

Kama ungepita asubuhi kwenye njia ya miguu inayoufuata mto Humber, nyuma ya majengo yetu ya Weston, ungemkuta mama mmoja wa Kigoa, mfupi, mwenye bakora, akitembea taratibu na kumjibu mtu asiyeonekana. Hakuna aliyemshangaa. Watu wa Toronto wamezoea kuona watu wakiongea peke yao, simu zikiwa mifukoni. Mimi nakaa mlango wa pili kutoka kwake, kwa hiyo nilijua alikuwa na nani. Alikuwa anatembea katika mji wa Bamberg, Ujerumani, na mumewe Alban, aliyekuwa amekufa tangu Januari.

Jina lake ni Piedade, mumewe alimwita Pia, ila ghorofa yetu nzima tunamwita Anti. Yeye na Alban walikulia Tanga, wakaoana, wakahamia Kanada wakiwa bado vijana. Alban alikuwa karani wa bima hadi alipostaafu. Anti alipika kwenye kantini ya shule. Kiingereza kilikuwa cha kazini. Nyumbani walitaniana kwa Kiswahili na kusali kwa Kiswahili, na binti yao pekee, Marissa, alisikiliza yote na kujibu kwa Kiingereza.

Habari ya Bamberg ilianza na kopo la biskuti. Baba yake Alban alikuwa fundi cherehani, na vifungo vyake alivitunza kwenye kopo la bati alilopewa na Mjerumani mmoja wa mashamba ya mkonge. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya nyumba imesimama katikati ya mto. Alban alikua akiitazama. Mtu mwenye akili anajengaje mtoni? Alipozeeka ndipo akaja kujua kwamba ni ukumbi wa zamani wa mji wa Bamberg, na kwamba wenyeji husimulia jinsi askofu alivyowanyima watu kiwanja, nao wakapigilia magogo mtoni wakajenga humo humo.

"Wabishi," alituambia siku moja kwenye lifti, akicheka. "Ni ukoo mmoja na mke wangu huyu."

"Mimi si mbishi," Anti akasema. "Wewe ndiye husikii."

Wakapanga kwenda mwezi Mei. Alban alikuwa na kitabu cha kumwongoza mtu atembee mji wa kale mwenyewe, bila kufuata kundi wala kiongozi mwenye bendera: anzia sokoni, pita darajani, onja bia ya moshi inayousifisha mji huo, panda kilima, malizia kanisa kuu. Lakini macho ya Anti yalikuwa yameharibiwa na presha. Aliona pembeni tu, na maandishi hakuyaona kabisa. Kulikuwa na sauti zilizorekodiwa za kuwaongoza watalii, za kukodi, kwa Kiingereza. Akazikataa. "Sitembei na mdomo wa mtu nisiyemjua ndani ya sikio langu," alisema.

Basi Alban akaamua kuwa yeye ndiye mdomo. Alitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili chake cha Tanga na kukisoma kwenye simu, kituo baada ya kituo. Tatizo likawa njia. Alban angejuaje Anti atachukua muda gani kutoka sokoni mpaka darajani, na bakora yake, juu ya mawe? Hapo akatumia kipimo walichokuwa nacho. Kila jioni, kabla ya chakula, walikuwa wakisali Rozari wawili tu jikoni. Alban aliongoza nusu ya kwanza ya Salamu Maria, Anti akaitikia nusu ya pili. Ndivyo walivyofanya maisha yao yote ya ndoa. Hata siku walizonuniana, Alban alisali kwa sauti ya hasira, lakini hakuanza nyingine kabla "amina" ya mkewe haijamtoka mdomoni.

Alichukua ramani, akaja naye hapa mtoni, wakatembea umbali ule ule huku wakisali, akihesabu ni Salamu Maria ngapi toka kituo hadi kituo. Halafu akarekodi. Anti alinisikilizisha mara moja, kifaa kimoja sikioni kwake, kingine kwangu.

"Haya Pia, simama. Tazama juu, ukutani. Huoni? Basi nitakuonea mimi. Kuna malaika mtoto amechorwa, ila mguu wake mmoja umechomoza nje ya picha, wa jiwe kabisa. Kachoka kukaa humo, kama wewe kwenye foleni ya kliniki. Sasa twende. Usikimbie, huna mashindano." Kisha akaanza Salamu Maria, akasema nusu yake, akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Ulisikia upepo, ulisikia viatu vyake, ulisikia pumzi zake na kikohozi. Alikuwa anasubiri. Anti, aliyekuwa kando yangu, akaitikia bila haraka mpaka mwisho, na alipomaliza tu Alban akaendelea. Nilitazama pembeni, kwa sababu nilihisi nimeingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi.

Alban alikufa jikoni akiwa amevaa buti moja, anajiandaa kwenda kununua mkate. Mei ikapita. Marissa, anayekaa Brampton na kufanya kazi kwenye ghala la mizigo, alisogeza safari mpaka Septemba na kumwambia mama yake watakwenda wao wawili. Anti alikubali kwa sharti moja, kwamba atakayemwongoza ni Alban. Kwa ajili hiyo alikuwa akifanya mazoezi kila asubuhi kando ya Humber. Daraja la chuma la waenda kwa miguu lilikuwa daraja la Bamberg. Mlima wa kupandia barabarani ulikuwa kilima cha kanisa kuu. Benchi la juu, lililo mbele ya reli, lilikuwa kituo cha mwisho, mahali ambapo Kaisari Henriki na mkewe Kunigunda wamezikwa katika kaburi moja, sanamu zao zimelala juu yake ubavu kwa ubavu.

Siku ya kuzaliwa ya Anti, mwezi wa sita, nilikuwa pale jikoni nikikata keki. Marissa alimletea mama yake simu mpya na vifaa vidogo vya masikioni visivyo na waya.

"Na sauti ya Daddy imo, Mummy," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Nimeisafisha. Ilikuwa na kelele, upepo, kukohoa. Na kulikuwa na mapengo makubwa, dakika nzima hamna kitu. Nadhani simu ilikuwa inakata. Nimeyaondoa yote. Sasa inatiririka vizuri, kama redio."

Anti aliweka kikombe chini. "Mapengo gani?"

"Yale ya kimya."

"Simu yangu ya zamani, uliyoichukua juzi, iko wapi?"

"Nimeirudisha dukani, wamenipunguzia bei ya hii. Wameshaifuta. Kwa nini?"

Anti alitafuta bakora yake kwa mkono, akavaa kofia, akasema anakwenda kutembea kidogo. Marissa alinitazama. Niliweka kisu cha keki chini. Tukamfuata mimi na yeye, hatua chache nyuma.

Darajani alikuwa bado anaitikia Salamu Maria ya kwanza. Tulimwona akisimama. Akaanza upya, akasimama tena. Kisha akaongeza mwendo, bakora ikigonga huku na huku, kama mtu anayemkimbilia mwenzake kwenye umati.

"Alban, ngoja," alisema. "Ngoja basi! Unakwenda wapi?"

Marissa akamkimbilia na kumshika mkono. "Mummy, kuna nini?"

"Yuko kwenye bia ya moshi. Mimi sijamaliza daraja, yeye ameshafika kwenye bia!" Alivitoa vile vifaa, akavifumbata kiganjani. "Hakuwahi kunifanyia hivi. Miaka yote ile, hakuwahi."

"Kukufanyia nini?"

"Kuniacha nyuma. Zile nafasi zilikuwa zangu, mwanangu. Alikuwa ananingoja niitikie."

Marissa alikulia nyumba ile, na Rozari ile aliisikia kila jioni akiwa na kazi za shule mezani. Lakini hakuwahi kuisikia nusu moja peke yake, na simu ilipomletea nusu moja, aliona kasoro. Alikaa chini pale pale kwenye mbao za sakafu ya daraja, mwanamke mzima, akalia huku akisema samahani kwa lugha zote mbili.

"Inuka," Anti alimwambia baadaye. "Utachafua suruali."

Siku kadhaa Marissa alihangaika. Alipiga simu dukani. Alitafuta kwenye kompyuta yake. Alikuwa ameihifadhi ile iliyosafishwa juu ya ile ya kwanza, na ya kwanza ikafutika. Akajaribu kurudisha nafasi mwenyewe, Anti akamwambia aache. Kimya kisichokuwa na pumzi za Alban, alisema, ni kimya cha simu tu.

Jumapili moja baada ya misa wakanialika tutembee. Marissa aliishika simu, akaiwekea sauti ya nje, akamwambia mama yake ataisimamisha kwa kidole kila baada ya nusu. Alijaribu kweli. Lakini kidole kilichelewa kila mara. Alban alishaanza neno jingine ndipo akakatwa, na alipofunguliwa alimalizia neno lile kama mtu aliyezibwa mdomo. Kufika chini ya mlima, Anti aliugusa mkono wa binti yake.

"Usimkate tena. Mwache aseme."

Wakapanda mlima huku Alban akisema, Salamu Maria moja juu ya nyingine bila kituo, mpaka kwenye benchi. Pale Alban akaeleza juu ya Henriki na Kunigunda, kisha sauti yake ikawa ya chini kidogo: "Haya Pia, tumefika. Wala hujachoka. Kaa, tupumzike." Zamani, Anti aliniambia, baada ya maneno hayo kilifuata kimya kirefu kuliko vyote, na alisikia Alban akikaa. Sasa sauti ilikatika papo hapo.

Septemba hawakwenda Bamberg.

Lakini Jumapili ile, kwenye benchi, treni ya uwanja wa ndege ilipita, na ilipotulia Anti alikunja mikono juu ya bakora akaanza kuitikia. Nusu yake tu. Aliisema mpaka amina, akaisema tena, na tena, zote ambazo hakupewa nafasi ya kuziitikia kuanzia sokoni hadi juu kilimani, kwa mwendo wake uleule wa taratibu. Marissa aliiweka simu mfukoni, akakaa kando yake, akasubiri.