Stefania Hadeki kwa Magoti

Tuseme ukweli mapema: katika nyumba ya Bi Rahila, Khuwair ya Kusini jijini Muscat, hakuna anayedeki kwa magoti. Sakafu ni ya marumaru, dekio lina mpini mrefu, na Stefania hulisukuma amesimama wima, simu ikimwimbia mapambio. Kabla hajaiacha meza yake ya mitumba stendi ya Singida, na watoto wake wawili kwa dada yake, alimuuliza wakala swali moja tu: kazi yenyewe ni ya kusimama au ya kuinama? Mama yake alisiriba sakafu za watu kwa samadi maisha yake yote, na alizikwa magoti yamevimba kama maboga. Stefania aliapa kwamba magoti yake yatamjua Mungu peke yake.

Bi Rahila ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Muscat angali mdogo. Ni mkarimu, mcha Mungu, na ana ugonjwa wa kuchora. Sebuleni ametundika nakala ya picha moja ya Kifaransa: wanaume vifua wazi wamepiga magoti, wanakwangua mbao za sakafu, nuru ya dirishani imewamwagikia migongoni. Huitazama mpaka chai ipoe. Siku moja alimgeukia Stefania.

"Mwanangu, na mie nnataka kuchora yangu. Hebu nipigie magoti hapo dirishani, ushike brashi, ujifanye unasugua. Nusu saa tu."

"Mama, mimi nadeki na dekio."

"Nnajua. Lakini dekio halina uzuri."

Halina uzuri! Stefania akapiga magoti, maana ni vigumu kumkatalia mwajiri jambo dogo, na hapo ndipo alipokosea. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Nuru aliyoitaka Bi Rahila iliingia asubuhi tu, na asubuhi aliyoichagua ilikuwa ya Ijumaa, siku pekee ya mapumziko ya Stefania, siku ambayo Wakristo wageni wa Muscat wameigeuza Jumapili yao. Wenzake wakawa wanaimba kanisani Ruwi, naye yuko chini anasugua marumaru safi kwa brashi kavu, Ijumaa baada ya Ijumaa. Akijinyoosha kidogo anaambiwa atulie, nuru itaondoka. Nuru ilihurumiwa kuliko magoti yake.

Alijipa moyo kwamba picha ile itaishia chumbani. Wapi! Ilipelekwa kwenye maonyesho Matrah, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, watalii wa meli wakiingia na kutoka na simu zao mkononi. Bi Rahila alimvika Stefania gauni jipya akamsimamisha kando yake. Na picha ilikuwa nzuri kweli, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mgongo ni wake, visigino ni vyake, kichwa kimeinama hata uso hauonekani. Kila aliyepita aliipiga picha. Stefania aliona wazi kwamba akinyamaza, dunia nzima itamjua hivyo, na ipo siku watoto wake nao watamwona hivyo.

Nasriya, dada yake Bi Rahila, akashika tama. "Masha'Allah! Tazama unyenyekevu huo. Ndivyo anavyosugua kila siku, maskini?"

Bi Rahila akatabasamu, akanyamaza. Angesema "hapana" tu, na mambo yangeishia hapo.

"Sisugui kwa magoti!" Stefania alisema kwa sauti ile ile ya kunadi mitumba stendi. "Nadeki nimesimama. Aliyenipigisha magoti ni huyu hapa, Ijumaa zangu za kanisani, eti dekio halina uzuri. Mama yangu alipiga magoti ya kututosha sote. Mimi sikupanda ndege kuja kuyarudia!"

Nusu ya watu ukumbini, kama Bi Rahila, wana asili ya Unguja na wanaongea Kiswahili nyumbani kwao. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Garini Bi Rahila alimgeukia kwa hasira. "Umenifedhehi mbele ya watu wangu. Mie nilitaka watu waione taabu yenu!"

"Taabu ile si yetu, mama. Umeitengeneza wewe."

Usiku ule Stefania alifunga begi lake. Alijua anarudishwa Singida, na bado alikuwa na hasira kiasi cha kutojali. Lakini hakufukuzwa. Ikafika Ijumaa. Alitoka chumbani amevaa nguo za kanisani, akamkuta Bi Rahila sebuleni mbele ya turubai jipya la kuchorea, macho mekundu. Dekio limeegemezwa dirishani.

"Nimekosa, mwanangu. Wallahi nimekosa. Ile picha nimeitoa kule. Leo nnataka nikuchore ulivyo khasa, umesimama, na uso wako uonekane. Hebu lishike hilo dekio."

Stefania alimtazama. Alikuwa karibu kumwonea huruma, na hilo likamkasirisha kuliko yote yaliyotangulia. Mwanamke huyu hata toba yake ameipanga siku ya mtu ya mapumziko.

"Leo Ijumaa, mama," akasema, akavaa viatu, akaenda kutafuta teksi ya Ruwi.