Siku Marigu Aliponilaani Darasani

Msimu wa kuchuma kahawa, harufu ya maganda yaliyorundikwa nyuma ya kiwanda ilipanda mlima na kuingia darasani bila kubisha hodi. Ni harufu nzito, tamu kidogo, chachu kidogo, na wageni huziba pua. Sisi wa upande wa Karurumo tuliipenda, kwa sababu ilimaanisha wazazi wako shambani na nyumbani hakuna wa kututuma. Msimu huo nilikuwa darasa la saba. Mwalimu Nyaga, aliyetufundisha Kiswahili, alikuja na kitabu kisicho na jalada, akatuambia kwamba ndani yake mna tamthilia ya kale, iliyochezwa katika nchi nyingi kabla babu zetu hawajazaliwa. Tungeigiza onyesho moja tu, mbele ya darasa la nane. Katika onyesho hilo, mfalme kijana anamfukuza mama yake mzee kutoka nyumbani, na mama huyo, kabla ya kuondoka, anamlaani.

Nafasi ya mfalme nilijipa mwenyewe, kwa kuinua mkono kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza, maana ndiye aliyevaa taji. Kisha Mwalimu akamchagua Marigu awe mama, na hapo nikajuta kuinua mkono. Marigu alikuwa binti wa baba yangu mkubwa, na alikuwa amepewa jina la nyanya yetu, mama mzazi wa baba yangu, ambaye alikuwa ameshafariki. Kwetu jina la namna hiyo si la kuitia tu; aliyepewa huhesabiwa kuwa ndiye marehemu mwenyewe amerudi. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, alimwita msichana huyo "Mama" na wala hakuwa anatania. Kwa hiyo kama kulikuwa na kinywa kimoja kilichobaki duniani ambacho laana yake ingenishika, kilikuwa cha huyu wa miaka kumi na mitatu, aliyekaa dawati la tatu akichonga penseli kwa wembe. Mama yangu aliposikia habari hizo aliacha kumenya viazi, akaniamuru nikamwambie Mwalimu atafute mtu mwingine. Sikwenda. Niliona aibu, na isitoshe taji la katoni lilikuwa limeshakatwa.

Tulifanya mazoezi wiki mbili, kila siku baada ya chakula cha mchana. Marigu aliyajua maneno yote, lakini kila tulipofika kwenye laana alinyamaza, akahesabu vidole, kisha akaendelea na sehemu iliyofuata. Mwalimu Nyaga alikasirika. "Marigu, mbona unaruka? Hii ni sanaa!" Marigu akatazama sakafu. "Mwalimu, nitaisema siku yenyewe. Hiyo maneno haisemwangi mara mingi." Darasa zima lilicheka isipokuwa mimi. Nilianza kuomba mvua inyeshe siku hiyo, au mwalimu mkuu aite mkutano, au nipate malaria.

Siku ilifika bila malaria. Darasa la nane lilijaa mpaka madirishani. Marigu aliingia amejifunga leso ya mama yake, akiegemea fimbo, na nilipomtazama sikumwona mwenzangu wa kurushiana mpira wa kati. Nilimwona mtu mzima aliyechoka. Nilimfukuza kama kitabu kilivyosema, kwa sauti iliyokwaruza. Akageuka taratibu, akaninyooshea mkono, akaisema laana yote bila kupaza sauti: kwamba nitakachopanda kisiote, na watoto wangu wasiijue sauti yangu. Kitabu kilitaka nicheke kwa dharau kisha nitoke, lakini miguu ilikataa. Nilisimama pale nikitetemeka, taji limenishukia machoni, na kwa kweli niliamini kwamba maisha yangu yamekwisha.

Onyesho lilikuwa limekwisha pia, na Marigu alipaswa kwenda zake. Badala yake aliitupa fimbo, akarudi hadi nilipokuwa, akalitoa lile taji, akatema mate kidogo viganjani kama wazee wetu wanavyobariki, akanipaka kifuani. Akasema kwa Kiembu, lugha ya kwetu, mbele ya watu wote, kwamba Mungu anibariki na kila ambacho mikono yangu itashika kikue. Mtu fulani dirishani akasema, "Amina." Darasa zima likaitikia kama kanisani, na Mwalimu Nyaga, mtu wa sanaa, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku hizi nafanya kazi ofisini Meru mjini, na muhula uliopita binti yangu aliigiza kizee mwenye kulaani katika shule yake hapa Makutano. Alifanya vizuri mno. Wazazi tulishangilia, tukanyanyua simu na kumrekodi, na kabla hajashuka jukwaani video ilikuwa imeshasambaa kwenye vikundi vyetu. Nilifurahi, lakini sikutetemeka, wala sikuona aliyetetemeka. Nilimtumia Marigu video hiyo, akanipigia akicheka, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama kweli siku ile aliamini laana ingenishika. "Mimi? Wacha! Hata sikuwa naamini," akasema. "Lakini wewe uliamini. Sasa ningekuacha hapo aje?"