Ratiba Imo Ndani ya Basi

Wiki iliyopita, stendi ya Kibondo, mama mmoja kutoka Busunzu alimuuliza wakala wa tiketi basi la Kasulu linaondoka saa ngapi. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari wa macho huja Kasulu mara moja kwa mwezi, na saa nane mchana huwa ameshaondoka.

"Siku hizi hatusemi kwa mdomo, mama," wakala akajibu kwa upole. "Tumeagizwa kila basi libandikwe ratiba. Tumebandika."

"Iko wapi nisome?"

"Ndani ya basi."

"Na basi liko wapi?"

Wakala akanyoosha kidevu kuelekea barabara ya Nyakanazi, linakotokea basi. "Linakuja."

Lilifika saa sita kasoro robo. Mama akapanda, akasoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya kiti cha dereva: kuondoka Kibondo, saa mbili asubuhi. Akahesabu safari kwa vidole, akashuka.

"Hupandi tena, mama?"

"Nikapishane na daktari njiani, mwanangu?"

Akaokota mkaa kwa mchoma mahindi, akaandika ukutani mwa ofisi: *La saa mbili limekuja saa sita kasoro robo.* Kisha akaanza safari ya kurudi Busunzu, kungoja mwezi ujao.

Agizo limetekelezwa. Mkaguzi akija, ataikuta karatasi mahali pake.

Jana nilikuwa na safari ya Kasulu. Ukuta sasa una mistari minne, kila mmoja na mwandiko wake, wala hakuna unaosema basi limekuja kabla ya saa tano. Niliusoma wote, nikaenda kunywa chai kwanza.