Agata Aliyezikwa Kimya

Gregori Pyo, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia yetu hapa Dalpo, pwani ya Korea, alifanya Agata azikwe kimya kama paka, na mimi tangu siku hiyo nikimwona nageuza shingo. Kwenye misa, tukiambiwa tutakiane amani, watu wote wanainamiana. Yeye ananiinamia mimi, mimi nainamia nguzo. Miaka mitatu nimeinamia nguzo. Wenzangu wananiambia, "Anastasia, umezeeka vibaya." Ndiyo, nimezeeka vibaya. Lakini mimi sijamdanganya mtu na maiti ya mama yake iko ndani.

Agata mwenyewe mumjue, maana wengine wanamjua kwa picha tu.

Jina la kwao lilikuwa Ok-hui, mtoto wa watu wa mashamba ya chumvi. Aliletwa Dalpo kuolewa na mwanamume mmoja mrefu, mzuri wa sura, mlevi wa kutupwa. Tulikuwa tunapasua chaza pamoja kwenye kibanda cha nailoni pale ufukweni, vidole vimechanika, maji ya chumvi yanaingia kwenye vidonda. Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko wangu. Akiona mtu anafungua chaza ovyo anamwuliza, "We mama, unafungua chaza au unavunja nyumba ya mkwe wako?"

Asubuhi moja ya baridi kali mume wake akaokotwa mtaroni, amekauka, chupa ya pombe ya soju iko mfukoni. Ndugu zake hawakuja. Walikuwa wamechoka kulipa alichokunywa. Agata amekaa na maiti, mtoto wake Sang-muk mgongoni, na mimi jirani yake najifanya nachochea moto kwa sababu sijui niseme nini. Wakati huo hatukuwa Wakristo, si yeye si mimi.

Jioni, theluji inaanguka, tukasikia watu wanakung'uta viatu mlangoni. Wamama wa kanisani. Nani amewaita? Hakuna. Wakavua viatu, wakakaa sakafuni pande mbili wanatazamana, wakafungua vitabu, wakaanza kumwimbia marehemu. Upande huu unatupa mstari, upande ule unadaka na kurudisha. Zaburi, kisha majina ya watakatifu wote, kwa sauti ile ya kizamani ya kulia iliyokuwa ya wazee wetu kabla hata padri hajafika nchi hii. Mtu peke yake haiwezi, lazima apatikane wa kumwitikia. Wakimaliza wanapumua, wanaanza tena. Mpaka kukakucha wanamwimbia mlevi ambaye hajawahi kukanyaga kanisani hata kwa kupotea njia.

Agata akaniambia, "Dada, umewaona? Wamemwimbia mume wangu kama mtu. Mimi nimeshapata kwetu."

Kuanzia Pasaka iliyofuata mpaka ile nyingine alikuwa anajifunza dini, akabatizwa. Na mimi akaniburuta.

Akaingia chama cha maziko, na baadaye akawa ndiye mkubwa wake. Aliosha maiti, akawavalisha, akawafunga sanda, akawaimbia. Kuna fundi baiskeli mmoja alijinyonga, na padri wa wakati huo akasita, eti afikirie kwanza. Agata akamwambia, "Baba, wewe fikiria vizuri. Sisi tunakwenda kuimba. Ukimaliza kufikiria utatukuta huko." Akatukuta huko.

Kwa nafsi yake aliomba jambo moja tu. Alikuwa anasema, "Mkinivalisha vibaya nitawasamehe. Mkiniacha kimya nitawarudia usingizini mmoja mmoja, na wewe Anastasia nitaanza na wewe."

Halafu ukaja ule ugonjwa.

Kanisa likafungwa. Sisi wa kanisa ambalo wazee wake walisali wakijificha milimani wasiuawe, tukaambiwa tukae nyumbani tutazame misa kwenye simu. Padri wetu Tobia akawa mdogo kama punje ya mchele, anainua hostia, na simu yangu inaniambia chaji imekwisha. Lilipofunguliwa, afadhali lingebaki limefungwa. Viti vimebandikwa karatasi, kaa hapa, usikae hapa. Kuimba marufuku. Mlangoni Gregori Pyo amevaa glavu, anakuelekezea kipimo cha joto kwenye paji la uso kama askari anayemkamata mwizi wa kuku.

"Bibi, sogea nyuma. Bibi, usikohoe hapa."

"Nikakohoe wapi, Gregori? Dukani kwako?"

Ana duka la miwani, mtu wa shati lililonyooka. Alikuwa anajisifu kwamba parokia zote za jirani zimetoa mgonjwa, yetu haijatoa hata mmoja. Ungedhani ugonjwa unamwogopa yeye binafsi.

Ndipo Agata akaumwa. Si ugonjwa ule, ni ini. Padri Tobia akaenda kwake na barakoa, akampaka mafuta, akamwambia, "Mama Agata, siku yako ikifika nitaongoza mimi mwenyewe."

Agata, amelala pale manjano kama boga, akamjibu, "Una sauti ya bata, Baba. Lakini nitavumilia."

Sasa kwetu mapadri huhamishwa wakati wa baridi. Askofu anasema, jina linatoka kwenye gazeti la jimbo, basi, mtu anafunga sanduku. Miaka yote padri akihama tunapika tambi za moto ukumbini, watoto wanampa maua, wamama wanalia, tena wale waliokuwa wanamsema vibaya ndio wanalia zaidi. Safari hii hakuna tambi, hakuna ukumbi. Padri Tobia aliondoka Jumanne asubuhi na masanduku yake. Nilisimama kando ya barabara, akanipungia mkono, kioo cha gari kimefungwa. Mdomo wake unasema kitu nyuma ya barakoa, nisijue ni nini. Mpya, Padri Sirili, alikuwa hajafika. Kwa siku zile parokia ikabaki mikononi mwa Gregori Pyo.

Agata akafa Alhamisi.

Kufa Alhamisi, padri wa zamani ameshakwenda, padri mpya bado! Hata katika kufa alikuwa na bahati ya mlevi wake.

Tukajikusanya wazee watano wa chama cha maziko. Serikali ilikuwa inaruhusu watu wachache kuingia kwa zamu, hilo tulilijua. Tukavaa nyeusi, barakoa mbilimbili, tukashika vitabu, tukaenda chumba cha maombolezo pale hospitali. Gregori amesimama mlangoni.

"Rudini nyumbani, bibi zangu."

"Turudi vipi? Tumekuja kumwimbia Agata."

"Mwanawe amekataa. Amesema hataki kelele za kanisa. Si mnajua Sang-muk hasali?"

"Mwache aniambie mwenyewe."

"Bibi Anastasia, mtu amefiwa, unataka kumfanyia fujo?"

Wenzangu wakaanza kunivuta mkono. Mmoja analia, mwingine anasema ni haki ya mwana. Mlango ulikuwa wa kioo. Nikaona picha ya Agata imezungukwa na maua meupe, na mgongo wa Sang-muk, amekaa peke yake mbele yake. Tukarudi.

Namba ya Sang-muk nilikuja kuipata ameshamzika na kurudi kusini, kwenye kiwanda cha meli. Nikampigia, nikamwambia, mwanangu, mama yako kwa nini ulitukatalia?

Akasema, "Bibi, mimi nilikaa pale kutwa nzima nawangoja nyinyi. Mzee Gregori aliniambia mnaogopa kuambukizwa, hakuna aliyetaka kuja."

"Tulikuja! Tulikuwa mlangoni!"

"Kila mtu ana maneno yake, bibi. Mimi nilichoona ni chumba kitupu. Mama aliwaimbia watu wote wa Dalpo." Akakata simu.

Tangu hapo hakukanyaga Dalpo. Kaburi la mama yake nililifyeka mimi, na goti langu hili.

Niliwaambia watu. Wakaniambia, mwenyekiti aseme uongo, Anastasia? Labda hamkuelewana. Labda kijana anajitetea. Nikaenda kwa Padri Sirili, kijana mzuri, anaweka kamera kabla ya kuweka kikombe cha misa. Akanisikiliza, akanimiminia chai ya shayiri, akaniambia, "Bibi, ule wakati ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Tusameheane."

Tusameheane! Mimi nimemkosea nani? Nikainywa ile chai kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa, nikaondoka. Na Gregori kwenye jubilei ya parokia akapewa ngao ya kioo kwa kutulinda na ugonjwa. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshika mkoba.

Basi miaka mitatu ikapita, barakoa zikavuliwa, tambi zikarudi ukumbini. Padri Sirili naye jina lake likatoka gazetini, na yeye akawa anaandaliwa kuagwa vizuri, maua, kwaya na kila kitu. Katika wiki hiyo akafa Monika, mama yake Gregori.

Monika sina neno naye. Alikuwa muuza tofu, mtu wa watu. Mke wa Gregori akaja kwangu macho mekundu, maana mkubwa wa chama cha maziko sasa ni mimi. "Bibi, mtakuja?" Nikamwambia tutakuja. Chama cha maziko hakiulizi marehemu amezaa nani.

Chumba kilekile, mlango uleule wa kioo, lakini sasa umeachwa wazi. Watu wamejaa. Padri Sirili yupo, ameketi upande wa wanaume. Gregori amevaa suti nyeusi na utepe wa mfiwa mkononi. Tukaketi pande mbili. Aongozaye hutaja jina la marehemu mwanzoni, na jina hilo ndilo upande wa pili unaliitikia mpaka mwisho, kila akitajwa mtakatifu.

Nikafungua kitabu, nikasema kwa sauti, "Tumwimbie Agata."

Watu wakadhani uzee. Nikaimba zaburi, wakaitikia. Tukafika kwa watakatifu. Nikatupa, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Upande wa pili ukajikwaa, wengine "umwombee Monika," wengine wamekosa pa kushika. Nikatupa Mikaeli Malaika Mkuu. Sasa wale wazee wanne niliokuwa nao siku ile mlangoni wakaitikia peke yao, wazi kabisa, "umwombee Agata."

Mke wa Gregori akanisogelea kwa magoti. "Bibi, umekosea jina. Mama ni Monika."

"Sijakosea, mwanangu. Monika namjua, nimekula tofu yake. Ataimbiwa yote, hatapunjwa hata herufi. Lakini kuna mtu yuko mbele yake kwenye foleni."

Mdogo wake Gregori akasimama, "Huyu mwanamke mtoeni nje!"

"Nitoeni. Mimi hapa nimezoea kutolewa. Lakini kwanza Gregori atuambie nani alizuia Agata asiimbiwe."

Padri Sirili akasema taratibu, "Bibi Anastasia, si leo."

"Leo, Baba. Wewe Jumapili unakwenda zako."

Gregori alikuwa anatazama mkeka. Nilitegemea atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nina maneno ya miaka mitatu tayari mdomoni.

Akasema, "Ni mimi."

"Sema wasikie."

"Sang-muk hakukataa. Alikuwa anawangoja. Ni mimi." Akaurekebisha utepe wake wa mfiwa. "Padri mpya alikuwa anakuja. Niliogopa ugonjwa utoke kwenye mazishi yetu, akute parokia imechafuka jina. Nilijua mkiingia mtaimba, siwezi kuwazuia kuimba. Nikamwambia yule hili, nikawaambia nyinyi lile."

Padri Sirili amefumba macho. Akumbuke chai yake ya shayiri.

"Sasa mpigie," nikamwambia.

"Nani?"

"Mwenye mama. Mpigie mwambie hivyohivyo ulivyotuambia sisi. Usiongeze sukari."

Akapiga simu pale pale, mbele ya picha ya mama yake. Tukasikia inaita, inaita. Sang-muk akapokea. Gregori akasema yote. Walikuja mlangoni, mimi ndiye niliyewarudisha, nilikudanganya. Akarudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alinong'ona. Upande wa pili mashine za kiwandani zinanguruma. Sang-muk akauliza, "Bibi Anastasia yuko hapo?"

Nikachukua simu. "Niko. Na wenzangu wote tuko. Ndiyo kwanza tumefika kwa Mikaeli. Unasikiliza au unakwenda kufanya kazi?"

"Nasikiliza, bibi."

Nikailaza simu kwenye mkeka, katikati ya pande mbili. Nikatupa Gabrieli. Upande wa pili wote ukadaka, wanaume na wanawake, padri na mdogo wake Gregori aliyetaka nitolewe nje, "umwombee Agata." Gregori naye aliitikia. Nilimtazama mdomo kuhakikisha. Tuliimba mpaka neno la mwisho, na kwenye simu mtu mzima analia kama alipokuwa mgongoni kwa mama yake.

Halafu nikanywa maji, nikarudi ukurasa wa kwanza, nikasema, "Tumwimbie Monika," na tukamwimbia Monika kwa nguvu kuliko tulivyowahi kumwimbia yeyote.

Tulipotoka kwenda kula, meza zina wali na kimchi, kabichi yetu ya pilipili, Gregori akaniletea bakuli la supu kwa mikono miwili. "Bibi, umenisamehe?"

"Nani kasema hivyo? Leta kimchi."