Kukaa Tu Tanga

Siku yangu ya mwisho Tanga sikutaka kwenda popote. Nilikuwa nimesafiri peke yangu kutoka Kasulu, safari ya kwanza tangu nistaafu ualimu, na mji nilishauzunguka. Asubuhi hiyo niliingia baharini hadi kiunoni, nikatoka na kuketi mchangani na khanga yangu iliyolowa.

Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga aliniletea sahani. Aliisikia lafudhi yangu nilipomshukuru, akauliza, "Dada, wewe mtu wa Burundi?"

"Hapana, mimi Muha wa Kasulu." Zamani swali hilo, ambalo sisi Waha huulizwa kila mara, lingeniudhi. Siku hiyo niliongeza mwenyewe, "Babu yangu alikuwa manamba. Alikata mkonge kwa mkataba huku huku Tanga."

"Kumbe! Basi wewe si mgeni," akasema, akaniongezea kipande kikubwa.

Nikampigia simu mama yangu, yuko kwetu Makere. Tukaamkiana kwa Kiha, mwakeye, kisha akataka kujua ninafanya nini.

"Nimekaa tu, mama. Natazama bahari."

Akasema, "Baba yangu alikaa huko miaka mingi, na bahari aliisikia kwa watu tu. Ilikuwa mkonge na kulala, mkonge na kulala. Kaa, mwanangu. Usiwe na haraka."

Nilinyoosha miguu mpaka maji yakagusa nyayo. Niliona fahari, wala sikuificha: mjukuu wa manamba, nimekuja Tanga kwa pensheni yangu, na hakuna wa kuniamuru niinuke.